Msufi wa Uani na Swali la Saba

Kwanza niseme kwamba mimi si mtu wa kalamu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatoka kwenda kushona mito, na haya ninayaandika kwa vipande, leo mistari kumi, kesho mitano, kwenye daftari la mjukuu ambalo kurasa zake za mbele zimejaa hesabu za kujumlisha. Nikipotea njia mnivumilie, nitarudi. Nina jambo moja tu la kusema, na nimekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa na kitu kingine chochote, ukimwondoa mke wangu.

Nyumba yetu iko Kariakoo, kwenye mtaa unaoelekea Msimbazi. Ni nyumba ya zamani, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, halafu uani nyuma kwenye jiko na choo. Baba aliijenga kwa udongo na boriti, sisi tukaja kuipiga saruji. Majirani wote wameshapanda juu. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, na mbele wanauza vitenge na mabegi kuanzia barazani mpaka katikati ya njia, kiasi kwamba ukitaka kutoka asubuhi lazima uombe radhi kwa watu sita. Sisi tumebaki chini, pengo katikati ya meno. Na nyuma ya pengo hilo ndipo uliposimama msufi.

Watoto wa siku hizi msufi hawaujui. Wanaona godoro la sponji likishushwa kwenye gari, wanadhani magodoro yalikuwa hivyo tangu dunia ianze. Zamani mto wa kulalia ulijazwa sufi, ile pamba nyepesi inayotoka kwenye matunda marefu ya mti huu, na kazi yangu ilikuwa kuyapasua, kutoa mbegu, kuipiga kwa fimbo mbili mpaka iumuke, kisha kujaza na kushona mdomo. Sufi inaingia puani, inaingia kwenye wali, inakaa kwenye ndevu. Nikiwa kijana wa ishirini na kitu mke wangu alikuwa akinicheka jioni, ananiita babu. Sasa nimekuwa babu kweli na hacheki tena kwa ajili hiyo.

Mti wetu haukupandwa na mtu. Baba alisema aliukuta. Lakini baba alisema mambo mengi, aliwahi kutuambia kwamba alimkimbiza chui kwa mwavuli hapo penye stendi, kwa hiyo sijui. Shina lake watu wanne wakishikana mikono hawalizunguki. Chini mizizi imeinuka juu ya ardhi kama kuta, na kati ya ukuta na ukuta pana nafasi ya kuweka ndoo, au ya mtoto kujificha. Watu walisema una wenyewe. Mganga mmoja aliomba kuweka chungu chake pale, baba akamtoa na bakora mpaka barabarani, ingawa baada ya hapo yeye mwenyewe hakukaa tena chini ya mti huo magharibi ikiingia. Na maua yake yanafunguka jioni, asubuhi unayakuta yamelala chini uani kote, na harufu yake ni ya maziwa yaliyochacha. Si harufu mbaya sana. Ila ukishainusa na jambo moyoni, huisahau.

Sasa nirudi kwenye habari yenyewe. Mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuja na ramani. Ni kijana mzuri, nisimseme vibaya, anauza vifaa vya simu na ana mdomo wa kuuza hata kivuli. Kulikuwa na tajiri wa vitenge aliyetaka kuingia ubia na sisi warithi: yeye ajenge ghorofa, sisi tupate maduka chini na nyumba ya kukaa juu. Nilikubali. Mke wangu alikubali kabla yangu, alitaka bomba ndani ya jiko na lifti, maana magoti yamekwisha. Tukakubaliana wote, na wala hakuna aliyetaja msufi. Mimi sikuutaja kwa sababu zangu, wenzangu hawakuutaja kwa sababu mti ulikuwepo siku zote, na kitu kilichokuwepo siku zote watu hawakioni.

Kumbe kuna sheria. Mwenye kiwanja akiomba kibali cha kujenga, halmashauri wanataka kwanza kujua kiwanja kina miti gani mikubwa. Mtu wao anakuja na utepe, anaupima mti usawa wa kifua, na ukizidi kipimo chao hauwezi kuguswa mpaka watu wa mtaa wasikilizwe. Halafu wanauweka kwenye fungu. Ukiwa mti wa kawaida unakatwa, na wewe unapanda miche mingine mahali watakapokuonyesha. Ukiwa mti wa kumbukumbu haukatwi, na jengo lako lazima likae nje ya mpaka wa matawi yake. Mpwa wangu aliposikia hivyo alishika kichwa. "Anko, mti wenyewe umefunika uani wote. Hapo tutajenga ghorofa au kibanda cha chipsi?"

Aliyekuja alikuwa binti mmoja mrefu, viatu vya raba, miwani. Mtaani walimwita Bibi Miti kabla hata hajafika mlangoni. Alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, akauzunguka msufi taratibu, akaweka kiganja chake juu ya gome kama anavyofanya daktari. Akasema atarudi baada ya wiki kutusikiliza wote pamoja, na ana fomu yenye maswali. Nikamwomba anisomee. Alisoma mpaka la saba: je, chini ya mti au karibu yake pana kaburi, mahali pa ibada au tambiko, au tukio ambalo wakazi wanalikumbuka?

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Na hapa ndipo ninapotakiwa kusema, basi niseme.

Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Ilikuwa enzi za foleni, unapanga mstari kutwa nzima kwa kilo ya unga, sabuni unaikata vipande kwa uzi, na nguo ndiyo kabisa. Mimba ilikuwa ya kwanza. Mkunga wetu alikuwa mama mmoja wa Kindengereko aliyekaa nyumba ya tatu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Masika yalikuwa yamenyesha siku nne bila kupumzika. Mtoto alizaliwa mchana, adhuhuri imeshaadhiniwa, na hakulia. Mkunga alimgeuza, akamsugua mgongo, akampulizia puani, akamgeuza tena. Kisha akaacha. Alikuwa wa kike, nywele nyingi. Mimi nilimwona. Mama yake hakuonyeshwa, kwa kuwa wazee wa siku zile walisema mzazi akimwona mtoto wa namna hiyo hatazaa tena, na mkunga alimgeuzia uso ukutani akamwambia alale.

Sanda haikupatikana. Bafta haikuwepo dukani kwa mwezi mzima. Nilikuwa na kitambaa cheupe cha mteja, cha kushonea foronya, nikakikata hicho. Mteja nilimwambia kimeliwa na panya. Mkunga alimwosha, akamvika, akaniambia mtoto ambaye hakulia haswaliwi, anazikwa tu, nichukue wazee wawili twende makaburini kabla ya alasiri.

Nilitoka kwa mlango wa mbele nimembeba chini ya koti. Mtaa ulikuwa mto. Msimbazi ulikuwa umetoka nje ya kingo zake, maji yananifika magotini na yanavuta. Mzee wa kwanza niliyemgongea aliniambia tungoje kesho. Wa pili hakufungua. Nikasimama barazani kwa watu, mvua inanipiga, na nikajua siwezi kurudi ndani na mtoto mikononi, mke wangu amelala chumba cha mbele anasikia kila hatua. Nikapita uchochoroni, nikaingia uani kwa mlango wa nyuma. Kati ya kuta mbili za mizizi ardhi ilikuwa laini. Nilichimba kwa panga, nikazoa udongo kwa karai. Nilifanya ninavyojua, nikamlaza kwa ubavu, nikasoma fatiha na yale machache mengine ninayoyajua. Juu nikaweka gunia la sufi ili pasionekane. Nilijiambia maji yakipungua nitamhamisha.

Maji yalipungua. Sikumhamisha. Kila siku nilisema kesho, halafu zikawa siku nyingi mno, nikawa naogopa nitakachokikuta.

Mke wangu aliniuliza usiku huohuo tumemweka wapi. Wanawake hawaendi kuzika, na yeye alikuwa kwenye arubaini, hangeweza kutoka. Nikamwambia makaburini, karibu na ukuta. Neno dogo hilo. Maziwa yalimjaa siku tatu zilizofuata, kifua kikavimba, mkunga akamfunga kwa kanga. Arubaini ilipoisha aliomba nimwonyeshe. Tulienda. Nilitembea kando ya ukuta wa makaburi, nikaona kaburi dogo lenye kokoto nyeupe, halina kibao, nikasema ni hili. Akapiga magoti. Tangu siku hiyo, kila mwaka Ramadhani ikikaribia, anakwenda na chupa ya maji ya waridi na mrehani, anang'oa majani, anamwagia, anakaa. Tulipata watoto wengine watatu, Mungu ashukuriwe, akawa anakwenda nao, anawaambia msalimieni dada yenu. Na mimi nilikuwa nasimama pembeni, naitikia dua juu ya mtoto wa mtu nisiyemjua.

Lipo jambo baya kuliko hilo. Pale kwenye mizizi mke wangu alikuwa akianika ndoo zake na kumwaga maji ya vyombo. Sikuweza kuvumilia kuona hivyo. Nikamwambia asipasogelee, pana nyoka. Niliona nimepata akili. Siku moja narudi kutoka kazini namkuta ameinama na sufuria, anamwaga maji ya moto palepale, mvuke umemfunika uso. "Namtoa huyo nyoka wako," aliniambia, "watoto wanacheza hapa." Nikamnyang'anya sufuria nikaungua mkono. Alinishangaa sana. Kovu lipo.

Basi, kikao kilifika. Tulikaa ukumbini: mimi, mke wangu kwenye mkeka amenyoosha miguu, mpwa wangu, mjumbe wa mtaa, majirani wawili waliokuja kwa ajili ya soda, na Bibi Miti na fomu yake. Alieleza sheria polepole na vizuri. Alisema mtaa wetu mzima umebaki na miti ambayo mtu anaweza kuihesabu akiwa anakunywa chai, na hiyo ndiyo sababu wanauliza. Mpwa wangu akasema mama, sisi tunaheshimu mazingira, tupe hiyo miche hata leo tukapande. Akaulizwa nani anaujua mti zaidi, akaninyooshea kidole. "Anko huyu. Mti huu angeweza angeuoa."

"Ameshauoa," mke wangu akasema. "Haruhusu mtu auguse. Nimekaa na mke mwenza miaka yote hii bila kupewa hata taarifa."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, nadhani. Bibi Miti aliandika nani aliupanda, una umri gani, popo wapo, ndege wapo. Akafika la saba. Akalisoma lote, akainua macho akaniangalia mimi. Mke wangu alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi, bado ana kicheko cha lile neno lake usoni. Ningesema ndiyo, mti ungebaki na mtoto angelala alipo. Lakini ningelisema mbele ya mjumbe na watu wa soda, na yeye angelisikia hapo, miguu yake imenyooka kwenye mkeka.

"Hakuna kitu," nikasema.

Akaandika. Nikatia sahihi, ambayo ni jina langu kwa herufi kubwa kama alivyonifundisha mwalimu. Akasema basi ni mti wa kawaida, tangazo litabandikwa mlangoni wiki tatu, na mwenye pingamizi anaruhusiwa kulileta mpaka siku ya mwisho.

Karatasi ile ilibandikwa juu ya mlango wa mbele, na mimi nikawa napita kwa mlango wa nyuma. Ndio ulikuwa msimu wa maua. Asubuhi nilifagia uani mapema kabla mke wangu hajaamka ili asikute yale maua, sijui nilidhani nini, na harufu ya maziwa ilinifuata mpaka msikitini. Popo walikuwa wengi mwaka ule, wanang'ang'ania maua, na jioni mti wote ulikuwa unatembea ukiwa umesimama. Kama ninaongeza chumvi basi kidogo tu. Wiki ya pili wakaja watu wa kupima udongo. Wanatoboa ardhi kwa bomba, wanatoa udongo wa chini na kuupanga kwenye sanduku, vipande vimelala kama maandazi. Fundi aliniambia kwa furaha kwamba msingi utashuka urefu wa watu watatu, maana tajiri anataka stoo chini ya ardhi, na kijiko, ile mashine ya kuchimba, kitakuja kuzoa uani wote kwa siku mbili. Nikamuuliza udongo wanaupeleka wapi. Akasema wanamwaga popote penye bonde, mzee, udongo ni udongo.

Usiku ule mke wangu aliniambia natetemeka. Nikamwambia baridi. Hapa kwetu penye joto.

Kesho yake nikaenda Posta kwa miguu, kwenye ofisi yao. Bibi Miti alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za bibi. Nikamwambia lile jibu la saba niliongopa, pana kaburi, la mwanangu. Hakunifokea. Aliweka kalamu chini.

"Mzee, jibu linarekebishwa," alisema. "Ila pingamizi linasomwa palepale kiwanjani, mbele ya watu walewale."

Nikamwomba lisisomwe, aliandike tu. Akanieleza kwamba sheria iliwekwa hivyo makusudi. Ikiwa kila mtu atakuja kunong'ona ofisini, kesho kila kiwanja kitakuwa na kaburi la uongo, na makaburi ya kweli hayataaminiwa. Lazima mtu asimame aseme, na jirani mwenye habari tofauti apate nafasi ya kubisha. Kisha akaniuliza kama bibi anajua. Nikasema hajui.

"Basi asisikie kwangu," akasema.

Nilirudi nikapitia Feri, ambako si njia ya kurudi Kariakoo hata kidogo. Nikasimama pale wanapokaanga samaki, nikanunua vipande viwili ambavyo sikuwa na hamu navyo, nikavibeba mpaka nyumbani vikapoa. Yote hayo ni kuchelewesha. Nilimkuta ukumbini anachambua mchele kwenye ungo, miwani imeshuka puani. Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia yote kuanzia maji ya mtaani mpaka gunia la sufi. Sikulia, nasema kweli, nilisema kama mtu anayesoma tangazo. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Aliokota jiwe moja, akaliweka pembeni.

"Yule ninayemmwagia maji ya waridi ni mtoto wa nani?"

"Sijui," nikasema.

Aliokota mawe mengine mawili. Nikaona vidole vimesimama.

"Na pale nilimwaga maji ya moto."

Aliweka ungo chini, akajiinua kwa kushika ukuta, akaenda uani. Nilimfuata mpaka mlangoni nikashindwa kuvuka kizingiti. Alisimama mbele ya mizizi. Hakuuliza ni pengo lipi, maana alishajua ni pale penye nyoka. Aliondoa ndoo zilizokuwa karibu, moja moja, akazipeleka upande wa pili wa ua, mbali. Halafu akakaa chini kwenye yale maua ya asubuhi, ambayo siku hiyo sikuyafagia, mtu wa magoti mabovu kama yale, na sikumsaidia kwa sababu alininyooshea mkono nisije.

Siku nne hakusema nami. Alinipakulia chakula, akaniwekea maji ya kuoga, akageukia ukuta. Nilimsikia akipumua tu. Siku ya tano mpwa wangu alipokuja na furaha kwamba zimebaki siku mbili tangazo liishe, alimwambia amwite Bibi Miti na mjumbe na watu wote waliokuwepo. Mpwa akaniangalia mimi, mimi nikaangalia kandambili zangu.

Walikuja. Soda safari hii hazikuwepo. Bibi Miti alikuwa na karatasi ya pingamizi langu mkononi, akaanza kunyanyuka aisome, mke wangu akamzuia. Akasema yeye mwenyewe. Aliongea akiwa amekaa, sauti yake ya kawaida ya kuita watoto kula.

"Kaburi lipo. La mwanangu wa kwanza. Aliyemzika ni huyu hapa, mimi nimejua juzi. Jirani mwenye habari tofauti aseme."

Hakuna aliyesema. Jirani mmoja alivua kofia. Mpwa wangu akaniuliza, si kwa ukali, "Anko, miaka yote hii?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akatoka nje akasimama barazani kati ya mabegi ya watu. Baadaye alirudi akaomba tu kujua jengo linaweza kukaa wapi. Nasema tena ni kijana mzuri.

Saa sita Bibi Miti alichukua chokaa akafuata mpaka wa matawi, akachora duara chini. Lilipita jikoni, likapita nusu ya choo, likaingia mpaka chumba cha nyuma tunacholala siku hizi. Ndani ya duara hakuna msingi, hakuna shimo, hakuna hata kumwaga kokoto. Tajiri alikuja akaliangalia duara lile, akapiga simu, akaondoka, na mpaka naandika haya hajarudi. Yupo mwingine anayesema anaweza kujenga vyumba vya mbele tu, ghorofa mbili. Tutaona. Lifti haitakuwepo. Mke wangu alijua hilo kabla ya kuita kikao.

Ilibaki kujaza daftari la miti ya kumbukumbu. Mti unapewa namba, na pembeni yake sababu inaandikwa, kwa kuwa ni kumbukumbu. Bibi Miti akaandika kaburi la mtoto. Akauliza kama mtoto alikuwa na jina, si lazima, ila nafasi ipo. Mimi nikasema hakupewa. Nilisema haraka, kama mwenye mamlaka.

Mke wangu akamwambia binti asogee. Alimvuta kwa kiwiko, akamnong'oneza sikioni. Alikuwa nalo. Tangu yumo tumboni alikuwa nalo, na alilikalia miaka yote, kama mimi nilivyokalia langu. Binti akaandika, akafunga daftari.

Daftari hilo liko wazi kwa kila mtu, sheria inasema hivyo. Mwezi uliofuata nilikwenda Posta tena. Karani aliniuliza namba, nikamtajia, akafungua ukurasa akanigeuzia. Nilitoa miwani, nikaifuta kwa shati, nikaona mistari ya samawati na maandishi bado ni ukungu. Kusoma kwangu ni kwa herufi, moja baada ya nyingine, kwa hiyo ningekuwa na muda wa kuacha. Sikuvaa miwani. Nikamwambia afunge, ahsante.

Nyumbani mke wangu alikuwa uani, upande wa pili wa ua anapoanika siku hizi. Ramadhani ilikuwa imekaribia, kesho yake ilikuwa siku yake ya kwenda makaburini, na maji ya waridi alishanunua, chupa mbili. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniangalia tu, akajua.

"Umelisoma?"

"Hapana."

Akabana kanga kwenye kamba, akaivuta ikanyooka. "Nikitaka nitakwambia," akasema.

Hajataka. Sote wawili tumeshapita sabini.